Daftari Lililovuka Wikio

Karatasi nilizipata kwa karani wa bara, Mkristo, mtu mwema, aliyekuwa mgeni hapa kwetu Amu, yaani Lamu, na hakuwa na habari kwamba katika mji huu hakitupwi kitu ila kiwe kimeulizwa kwanza. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Ofisini kwake zilikuwa zimefika fomu mpya, na zile za zamani, zenye taji la Malkia kichwani, zilikuwa zimerundikwa uani zikingoja kuchomwa. Mimi nilikuwa nimempelekea mkewe kofia mbili achague moja, zawadi ya babake huko kwao.

"Bwana Karani, hizi mwazifanya nini?"

"Tunachoma, Mama. Ni takataka ya serikali."

"Moto wa serikali hauna chakula kingine?"

Akacheka. Mtu akicheka kabla ya bei kutajwa, amekwisha. Alitaka kunipa bure, nikakataa. Kitu cha bure mwenyewe huweza kukikumbuka siku yoyote. Kesho yake nikampelekea mikate mitatu ya mofa, ya moto, nikachukua mzigo wangu kichwani kama mtu aliyenunua. Nilizihesabu uani pake: mia na nne. Nikazihesabu nyumbani: mia na tatu. Mpaka leo sijui ile moja ilipotelea wapi, na siku za upepo mkali huwa bado nainamisha kichwa njiani.

Kazi yangu ilikuwa kofia. Sikuwa nikishona sana. Mwenye kushona sana hukaa kitako, na mimi kukaa kitako sikuumbiwa. Nilikuwa nikipeleka vitambaa kwa wanawake majumbani, nao wakivitoboa vile vitobo vidogo na kuvizungushia uzi, kisha nazipitia kofia zilizokwisha kuzipeleka madukani. Kabla ya kuipokea kofia nahesabu vitobo safu kwa safu, nageuza, nahesabu tena. Wanawake wa mji mzima walinisema kwa tabia hiyo. Walinisema huku wakinipa kofia zisizo na kosa.

Lakini karatasi zile hazikuwa za kofia. Zilikuwa za binti yangu.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwaka huo alivunja ungo. Kwa desturi yetu ya siku hizo, msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani haendi tena, madukani haendi, hata dirishani hasimami akaonekana. Alipotolewa chuoni alikuwa amesoma juzuu kumi. Watoto wetu huanzia mwisho wa Msahafu, kwenye sura fupi fupi, wakapanda kurudi mbele. Kwa hiyo Baqara, iliyo karibu na mlango wa mbele, wao huifikia mwisho kabisa, wakiwa wamepita nyumba nzima. Juzuu kumi katika thelathini. Nilihesabu mara mbili, zikabaki ishirini vilevile.

Nami nilijua mtoto wa kike akitolewa kwenye juzuu ya kumi huishia hapo. Mimi mwenyewe nilitolewa kwenye ya tisa. Nilikuja kumaliza nikiwa mtu mzima, baada ya kuzaa, na mpaka leo nasoma kama mtu anayepanda ngazi gizani: nafika, lakini nimeshika ukuta. Sikutaka yeye ashike ukuta.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuziba vyombo vya bahari kijijini Matondoni. Alikwenda Jumamosi kwa punda, akarudi Alhamisi akinuka lami na mafuta ya papa. Alikuwa mpole, na alikubaliana na yeyote aliyesema naye mwisho. Mke mwenye akili huhakikisha kuwa yeye ndiye wa mwisho. Taabu yangu ni kwamba mavyaa yangu, mamake, alikaa nyumba ya pili, ng'ambo ya kichochoro, na nyumba zetu zilikuwa zimeunganishwa na wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia kama daraja ili wanawake wavuke bila ya kushuka chini. Kwa hiyo naye aliweza kuwa wa mwisho saa yoyote apendayo, bila hata kuvaa buibui.

Mavyaa alikuwa msomi. Alikuwa na Msahafu wake, miwani yake na maneno machache. Nilipomwambia kwamba mtoto atawekwa ndani kama desturi itakavyo, lakini asomeshwe huko huko ndani nami mamake, alinitazama kama ninavyozitazama kofia.

"Wewe utamsomesha?"

"Mimi, Mama."

"Na mimi ntayuaye kuwa yuwasoma?"

"Ntakuambia."

"Kuambiwa naambiwa mengi." Akavua miwani, akaipangusa. "Yaandikwe. Kila Alhamisi baada ya Alasiri niletewe niyaone kwa mato yangu."

Ndiyo nikaenda kwa Bwana Karani.

Zile karatasi zilipigwa chapa upande mmoja tu. Migongo yake ilikuwa myeupe haina doa. Nilizipanga, nikazitoboa kwa shazia, ile sindano nene, nikazishona ubavu wa kulia kwa uzi wa kofia niliokunja mara tatu, kwa maana sisi tuliandika Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu na kitabu chetu hufunguka kutoka kulia. Gamba nililifanya kwa boksi la majani ya chai, nikalivika kitambaa cha kofia kilichobaki. Karatasi moja, wiki moja. Nilipompelekea mavyaa alilipima mkononi, akafunua, akageuza ukurasa wa kwanza.

"Bismillahi utaiandika nyuma ya taji?"

"Taji ndilo lililo nyuma, Mama. Tumeligeuzia mgongo."

Akalifunga, akanirudishia. Nadhani ndilo neno langu la kwanza kuhusu serikali yoyote lililompendeza.

Basi tukaanza. Asubuhi, baada ya kufagia, binti yangu alikaa kwenye wikio kwa kuwa ndiko kwenye upepo, na mimi nikakaa mbele yake na kijiti cha kuonyeshea. Yeye husoma, mimi nafuata. Akiteleza namshika, nikiteleza ananishika. Baadaye kuandika. Baadaye hesabu, na hesabu tulizifanya kwa kofia. Siku moja nilimwuliza, safu nane zenye vitobo thelathini na sita kila moja, ni vingapi? Nikaanza kuvihesabu kwa kidole. Kabla sijamaliza safu ya pili akasema, "Mia mbili themanini na vinane." Nikavihesabu vyote. Nikavihesabu tena. Nikaandika daftarini: *Hesabu amejibu sawa. Mimi nimechelewa.*

Chini ya kila karatasi niliacha nafasi ya mambo ya moyoni, yale aliyouliza au aliyoomba baada ya sala. Hiyo haikuwa katika sharti la mavyaa. Niliiongeza mwenyewe, na nashukuru, kwa sababu leo nikilifunua daftari hilo, mambo ya juzuu nayajua, lakini haya ya chini ndiyo yanayonifanya nivue miwani.

Wiki ya sura ya Naml nimeandika: *Ameuliza mbona sisimizi alisema akasikiwa na nabii Suleimani, na hawa wa jikoni kwetu hawasemi. Nimemwambia labda wasema, sisi ndio hatusikizi. Hakuridhika. Amewawekea sukari.*

Ramadhani: *Amefunga zote kasoro zile zilizomruhusu. Saa tisa ya siku ya kwanza amesema aona nyota mchana. Nimempa kazi ya kulala.*

Na wiki ya Maryamu, pale Bibi Maryamu anaposhikwa na uchungu peke yake chini ya mtende, binti yangu alikatiza kusoma. "Mama, nani alimshika mgongo?"

"Mwenyezi Mungu alimtosha, mwanangu."

"Najua. Lakini mgongo?"

Nilimweleza tu kwamba siku aliyozaliwa yeye, mgongo wangu aliushika bibi yake wa ng'ambo ya wikio, tangu Isha mpaka alfajiri, na asubuhi mikono ilikuwa ikimtetemeka hata kikombe cha kahawa kikamshinda. Hilo nililiandika pia. Alhamisi ile daftari liliporudi, mavyaa alikuwa amelifunga ndani ya leso safi.

Mwaka ukapita hivyo. Juzuu saba. Kisha, baada ya Idi, posa ikaja.

Ilitoka kisiwa cha Pate, kwa mjukuu wa dada yake mavyaa. Kijana mwenye kazi, mwenye dini, mwenye mama asiyegombana na majirani. Nilimtafuta kosa kama ninavyotafuta kitobo kilichorukwa, sikuliona. Lilikuwako moja tu, nalo halikuwa lake: binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Kukataa nisingeweza. Mume wangu alikuwa amekwisha kuitikia, kwa sababu mamake ndiye aliyesema naye mwisho. Lakini mfanya biashara asipoweza kukataa mali, huomba muda. Nikavuka wikio, nikakaa chini, nikasema kwa adabu zangu zote: "Mama, posa ni ya heri. Ila mtoto asiolewe kabla ya khitma. Ende kwa watu ametimiza Msahafu wake. Ni heshima ya nyumba hii."

"Sawa," akasema mavyaa.

Hivyo tu. Sawa. Mnunuzi akikubali upesi namna ile, muuzaji hurudi nyumbani akijiuliza amekosea wapi. Nami nilirudi nikahesabu. Mwaka mmoja, juzuu saba. Zimebaki kumi na tatu. Karibu miaka miwili. Katika miaka miwili mtoto huwa mtu, na watu wa Pate huenda wakachoka wakaona mwengine. Nilihesabu tena, ikaja vilevile. Nilimwambia mume wangu, naye akafurahi, maana usiku huo wa mwisho nilikuwa mimi.

Kosa langu lilikuwa hili: nilimhesabu mtoto kama punda wa Matondoni, ambaye mwendo wake wa leo ndio wa kesho na mtondo. Mimi! Niliyeona wasichana wangapi wakishona kofia ya kwanza kwa miezi minne, na ya tano kwa mwezi! Binti yangu alikuwa amefika kwenye kofia yake ya tano. Sura ya Yusufu aliisoma kwa siku nne. Nilimwambia apumzike, akakataa.

"Siwezi kumwacha kisimani, Mama."

Nikamtazama, nikaona harusi inakuja mbio.

Nikaanza na kazi. Nikampa kofia nyingi zaidi azipitie. Akazipitia kabla ya adhuhuri akarudi kwenye Msahafu. Nikaja na kudurusi: soma tena, mwanangu, ili ikae. Akasoma tena, ikakaa, akaendelea. Ndipo nikashika kalamu. Wiki ile niliandika kwamba amesoma robo ya Yusufu. Wiki iliyofuata, robo ya pili. Yeye alikuwa amekwisha kumtoa nabii Yusufu kisimani na gerezani na kumkutanisha na babake, lakini katika daftari langu maskini alikaa kisimani wiki tatu.

Nataka nieleweke. Maneno ya madukani yana ruhusa yake. Mimi nasema kofia hii nauza kwa hasara, mwenye duka asema hana haja nayo, na sote wawili twajua tunacheza ngoma gani. Hapo hapana aliyedanganywa. Lakini daftari lile kila ukurasa ulianza na Bismillahi, kwa mkono wangu, na chini yake, kwa mkono ule ule, nikaandika lisilokuwa. Kila Jumatano jioni nilipoiandika karatasi ya wiki nilikuwa nikijiambia ni ya mwisho. Kisha natazama mtoto anavyolala, miguu nje ya shuka, mdomo wazi kama alivyolala akiwa na miaka mitatu, naongeza nyingine.

Zilifika karatasi kumi na saba.

Daftari binti yangu alilivusha mwenyewe. Alikuwa mtoto mwenye adabu, hakuwa akilifunua. Aliamini kilichomo anakijua, kwa kuwa ni yeye. Alhamisi moja ya mwezi wa Rajabu nilikuwa nimechelewa kuandika, na mikono yangu ilikuwa na unga, nikamwambia alichukue wino ungali mbichi, alibebe wazi lisije likachafuka. Akatoka. Hakufika ng'ambo. Nilimsikia akisimama katikati ya wikio, kisha nyayo zikarudi.

"Mama, hapa pameandikwa niko sura ya Aarafu."

Nikaendelea kukanda.

"Mimi niko Nisaa. Aarafu nilitoka tangu Mfungo Nane, miezi miwili sasa."

"Nayajua."

"Ulisahau kuandika?"

"Sikusahau."

Akalitazama daftari, akanitazama. Uso wake ukaanza kushuka. "Basi nilikuwa nasoma vibaya? Hukutaka kuniambia?"

Yote mengine ningeyastahimili. Hilo sikulistahimili. Nilikaa chini na unga wangu hadi viwiko, nikamweleza. Posa hakuwa akiijua. Kwetu msichana ndiye wa mwisho kujua, kama vile si yeye aendaye. Nikamwambia habari ya Pate, na sharti nililoliweka, na hesabu niliyoifanya, na ilivyoniharibikia.

Alikaa karibu yangu. Muda mrefu alikuwa akifuata kwa kidole mshono wa gamba la daftari.

"Nikimaliza naolewa."

"Ndiyo."

"Nisipomaliza?"

"Bado."

"Ndiyo umeniweka Aarafu." Alisema bila ya hasira. Aarafu ni pale penye watu waliosimama baina ya Pepo na Moto, hawajaingia huku wala huku. Tulikuwa tumeisoma pamoja, na aliwaonea huruma. "Mama, mimi nataka kufika Baqara. Tangu niko mdogo chuoni nawasikia wakubwa wakiisoma, nahesabu lini na mimi. Usinizuilie."

"Sikuzuilii. Nakuchelewesha."

"Na usiandike uongo kwenye daftari langu."

*Langu*, alisema. Karatasi nilizibeba mimi, mikate niliipika mimi, mshono ni wangu. Nikampa kalamu.

Alifunua kurudi nyuma karatasi kumi na saba, na chini ya kila mstari wangu wa uongo akaandika wa kweli, kwa mwandiko uliokuwa, nikauona wakati ule, mzuri kuliko wangu. Hakuufuta wangu hata mmoja. Alianza baada ya Alasiri, akamaliza kwa adhana ya Magharibi. Alhamisi hiyo daftari halikuvuka.

Ijumaa asubuhi nikalivusha mimi.

Mavyaa alikuwa kitandani na tasbihi yake. Alivaa miwani, akasoma. Alisoma mistari yangu, akasoma ya mjukuu wake, karatasi moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri sana ya kuanzia.

"Nayua," akasema kabla sijaanza.

"Wayua nini, Mama?"

"Miezi yote hii mwanao yuwasoma hapo kwenye wikio, na mimi ni upande wa pili wa ukuta. Wanidhani kiziwi? Siyui Nisaa na Aarafu?"

"Mbona hukusema?"

"Nalitaka kuona utachoka lini." Akafunga daftari. "Umechoka?"

"Nimechoka, Mama."

"Haya. Sema ulilokuya nalo."

Nikasema. Nikaomba miaka miwili, waziwazi, bila ya hila. Akatikisa kichwa. Nikaomba mmoja. Nikaomba mpaka baada ya Ramadhani ya pili. Nikamwambia mtoto bado alala mdomo wazi.

"Nimempa neno dada yangu," akasema. "Sharti umeliweka mwenyewe, mkamwana. Khitma ni khitma. Akimaliza, ataulizwa kama sheria itakavyo."

Ataulizwa! Nilikujua kuulizwa huko. Nami niliulizwa, na mamangu aliulizwa. Huja mkubwa akakaa mbele yako, akakwambia fulani amekuposa, wasemaje. Nawe huinamisha kichwa kwa haya, na kunyamaa kwako ndiyo idhini yako. Wanasoma Fatiha, mambo yamekwisha. Kuulizwa kwetu kulikuwa kama hodi ya mtu aliyekwisha kuingia.

"Na wewe," mavyaa akaongeza akinielekezea tasbihi, "usimtie maneno kinywani. Apa."

Nikaapa. Katika umri wangu wote wa kupatana bei sijapata kutoka mahali mikono mitupu namna ile.

Kwa hiyo tulichobaki nacho ni kusoma. Niliandika ukweli, kila Jumatano. Akamaliza Nisaa, akapita Imrani, akaingia Baqara mwezi wa Shaabani. Siku ile ya kuingia alikoga, akavaa kanga mpya, akaubusu ukurasa. Lakini yeye aliyekimbia sura zote hizo, Baqara akaanza kuitembelea. Aya tatu, nne, akasimama, akarudi, akatazama nje kwenye kipande cha mbingu kilichokuwa baina ya nyumba mbili. Daftari la wiki ile lasema: *Baqara yuwaisoma polepole. Si mimi.*

Chini kabisa, mambo ya moyoni: *Hakuuliza kitu. Ameniomba nikae naye tu.* Nikakaa naye. Kofia za watu zilingoja.

Khitma ilikuwa mwisho wa Shaabani. Wanawake wa kichochoro walijaa, udi ukafukizwa, halwa ikapita, kahawa ikapita. Mume wangu alikaa barazani na wanaume, lami bado iko kwenye kucha, akisikia kupitia pazia. Binti yangu alisoma aya za mwisho za Baqara, kisha akarudia Fatiha, kwa sababu kitabu kikimalizwa huanzwa tena pale pale. Watu wakaitikia amina. Babake alipoingia macho yalikuwa mekundu. Akasema ni udi. Udi ulikuwa chumba kingine.

Wageni walipoondoka, mavyaa hakuondoka. Alimwita mwanawe, akaniita mimi, akamwita mtoto. Tukakaa wanne kwenye mkeka, sinia za halwa bado hazijaondolewa.

"Ndoo karibu, mwanangu," akamwambia mjukuu wake. "Watu wa Pate wamekuposa. Ni watu wetu. Kijana ni mwema. Wasemaje?"

Binti yangu akainamisha kichwa.

Mimi nikatazama dari. Nilihesabu boriti: kumi na tisa. Nikahesabu tena: kumi na tisa. Chini kichochoroni punda alipita na mzigo wa mawe, tukamsikia tangu alipoingia mpaka alipotokea. Mavyaa alikuwa amefumba macho. Mume wangu akatazama mamake, akanitazama mimi, akakiona kimya kimetosha, akainua mikono apate kusoma Fatiha.

"Bibi," binti yangu akasema, "bado."

Mikono ya babake ikabaki juu.

"Bado nini?" akauliza mavyaa, macho yamefumbwa vilevile.

"Bado siwezi kwenda." Alikuwa akisema kwa sauti yake ya kusomea, wazi, akisimama panapostahili kusimama. "Nimesoma maneno, maana yake sijayasoma. Nataka unisomeshe maana, Bibi. Na wako watoto watatu kichochoro hiki waliotolewa chuoni kama mimi. Nataka kuwasomesha hapo kwenye wikio. Kijana simkatai kwa ubaya. Nasema bado."

Masikio yake yalikuwa mekundu, na alikuwa ameshika pindo la kanga yangu, si lake.

Mavyaa akafumbua macho. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Umemfundisha wewe maneno haya?"

"Wallahi, Mama, sikumfundisha."

"Nayua," akasema. "Wewe ungetaja miaka miwili. Huyu hakutaja miaka."

Biashara yangu yote, na halikunipitikia hilo.

Akamgeukia mwanawe. "Shusha mikono hiyo. Kunyamaa ndiyo idhini, na huyu hakunyamaa. Kesho tafuta chombo kiendacho Pate, uwaambie mtoto ameulizwa na amejibu."

"Nitawaambia, Mama," mume wangu akasema. Kisha, kwa kuwa ni yeye atakayesimama mbele ya watu wa Pate, akauliza: "Na wakitaka kuyua ni mpaka lini?"

Mavyaa alijiinua polepole kwa bega la mjukuu wake, akatafuta viatu vyake kwa miguu mpaka akavipata.

"Wasikuulize wewe, wala wasiniulize mimi," akasema. "Waye wamuulize yeye."

Akaenda zake ng'ambo, na mlango wa wikio akauacha wazi.